Ukurasa wa Maktaba Ni wa Nani?

Somo lilikuwa limekwisha na watu walikuwa wanazima kompyuta. Mhudumu mmoja wa kaunta ya kuazimia vitabu alibaki kwenye kiti chake, akiutazama ukurasa alioujenga mwenyewe tangu mstari wa kwanza. Mchana wake wote ulikuwa umeishia kwenye jambo moja. Juu kabisa ya ukurasa palikuwa na picha kubwa ya jengo la maktaba. Aliiondoa, na mahali pake akaandika, "Leo tupo wazi mpaka saa 12 jioni." Chini yake akaweka kisanduku cha kutafutia vitabu.

Mwenzake alimwambia picha ile ilikuwa inapendeza.

"Anayefungua ukurasa huu hatafuti jengo," alimjibu. "Anataka kujua kama akija atatukuta."

Kisha akanigeukia. "Mwalimu, hii nimeielewa. Ila nikirudi kazini, nani ataniruhusu niuguse ukurasa wenyewe?"

Wiki kadhaa zimepita na swali lile bado linanisumbua.

## Kinachonikera

Nafundisha wafanyakazi wa maktaba kubuni na kujenga kurasa za wavuti. Darasani huja wakutubi wenye shahada, wasaidizi wa maktaba, watu wa katalogi, wa rejea, wa kaunta. Wanajifunza vizuri. Wakimaliza, wengi wao wanarudi kwenye tovuti ambayo neno lake la siri hawalijui. Tovuti iko mikononi mwa kitengo cha tehama, au ya kampuni iliyoijenga ikaondoka, au ya mfanyakazi mmoja aliyehama na hakuna anayejua namba yake ya simu.

Ratiba ikibadilika, mkutubi anaandika barua pepe kwenda tehama. Anasubiri. Anakumbusha. Tangazo linawekwa siku mbili baada ya shughuli yenyewe kupita.

Wakati huo aliyofundishwa yanapoa. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ni kama lugha yoyote: usipoizungumza inakutoka. Baada ya miezi michache kinachobaki ni cheti ukutani na kumbukumbu kwamba siku moja aliandika ukurasa na ukafunguka.

Ndiyo maana swali la yule mhudumu halikuniacha. Kama jibu lake ni "hakuna atakayekuruhusu", basi mafunzo yote haya ni ya nini?

## Mkutubi alikuwapo tangu mwanzo

Wengi huamini kwamba wavuti ni mali ya wahandisi, na kwamba maktaba ilikaribishwa baadaye, mambo yakiwa yameshapangwa. Historia inasema vingine, na darasani sichoki kuisimulia.

Septemba 1991 mwanafizikia Paul Kunz, wa maabara ya SLAC huko California, alitembelea CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, na Tim Berners-Lee, aliyeubuni wavuti, akamwonyesha kazi yake hiyo mpya. Aliporudi alimweleza Louise Addis, mkutubi wa SLAC. Maabara ile ilikuwa na hifadhidata iitwayo SPIRES-HEP, yenye taarifa za machapisho ya fizikia ya chembe. Watafiti waliitegemea, lakini kutafuta humo kulihitaji ujue amri zake. Addis aliona mara moja kwamba wavuti ungeweza kuwa mlango mwepesi wa kuifikia, akalipigania wazo hilo. Tarehe 12 Desemba 1991 seva ya SLAC ikaanza kazi. Ilikuwa ya kwanza nje ya Ulaya, na kazi yake kubwa ilikuwa kumsaidia mtu kutafuta machapisho.

Hiyo ni kazi ya maktaba.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wanafunzi wangu zaidi. Kivinjari cha kwanza kabisa, alichokiandika Berners-Lee mwaka 1990 kwenye kompyuta ya NeXT, kilikuwa pia kihariri. Aliyekuwa anasoma aliweza pia kuandika, kwa programu ileile. Vivinjari vilivyosambaa baadaye, kikiwamo Mosaic cha 1993 kilichouvutia ulimwengu, vilikuwa vya kutazamia. Uwezo wa kuandika ukabaki kwingine. Na tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliiachia umma programu ya wavuti, bila ada wala leseni ya kulipia.

Kwa hiyo tangu siku hiyo hakuna sheria ya teknolojia inayomzuia mhudumu wa kaunta kuandika ukurasa. Kinachomzuia ni utaratibu wa ofisi, na utaratibu wa ofisi huwekwa na watu tunaoweza kuwafuata tukazungumza nao.

## "Hii si ni 245?"

Siku ya kwanza nafungua kihariri cha maandishi matupu. Hakuna vitufe vya rangi, hakuna visanduku vya kuburuta. Kila mtu anaandika tagi, yaani alama zinazotaja sehemu za ukurasa, kama html, head, title na body, kwa vidole vyake, anahifadhi faili, anaifungua kwenye kivinjari. Najua wako walimu wanaoanza na mfumo ulio tayari, na wana sababu: matokeo yanaonekana haraka na watu wanafurahi. Mimi nasisitiza mkono uanze. Aliyewahi kusahau kufunga tagi akaona nusu ya ukurasa imegeuka herufi nzito anapata kitu ambacho kitufe hakiwezi kumpa. Anajua ukurasa umetengenezwa na nini, na anajua kwamba ukiharibika unatengenezeka.

Katika darasa lile alikuwapo mzee mmoja wa katalogi, kimya tangu asubuhi. Nilimwona akiandika kila kitu kwenye daftari na kompyuta akiigusa kwa shida. Nikawa naeleza h1. Nikasema h1 haimaanishi maandishi makubwa. Inaiambia mashine kwamba maneno haya ndiyo kichwa cha ukurasa huu. Yataonekana makubwa au madogo, meusi au ya buluu, hilo linaamuliwa kwingine.

Mzee akainua mkono. "Mwalimu, hii si ni 245?"

Chumba kizima kilicheka kwa furaha, kwa sababu kila mtu alielewa papo hapo.

Kwa ambaye hajafanya kazi ya katalogi: MARC ni muundo wa taarifa uliotengenezwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960, kazi ikiongozwa na Henriette Avram. Kila sehemu ya maelezo ya kitabu ina namba yake. Mwandishi yuko 100, jina la kitabu liko 245, mada ziko 650. Mtu wa katalogi haandiki kwamba jina likae katikati kwa herufi nene. Anaandika 245, anaweka alama zake, na mfumo unaamua litaonekanaje kwenye skrini ya msomaji. HTML inafanya vivyo hivyo: inasema kitu ni nini. CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kupitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Desemba 1996, ndiyo inayosema kionekaneje.

Waliojifunza wavuti kwa kuburuta visanduku huchukua muda mrefu kuuelewa utengano huo. Mtu wa katalogi ameishi nao miaka yote ya ajira yake.

Baada ya pale mzee hakunyamaza tena. Alizunguka meza kwa meza akiwaeleza wenzake, na maelezo yake yalikuwa bora kuliko yangu. Alimwambia kijana mmoja aliyekuwa anatumia h3 kwa sababu "ukubwa wake ni mzuri" kwamba huwezi kuweka mada kwenye 245 eti kwa kuwa panaonekana vizuri. Kijana akabadilisha bila kuuliza tena.

Nilikuwa nimeandika ubaoni mistari mitatu bila kusema imetoka wapi: kumwezesha mtu kupata kitu ambacho tayari anakijua kwa mwandishi, jina au mada, kumwonyesha maktaba ina nini, kumsaidia kuchagua. Nikauliza hayo ni malengo ya nini. Wakajibu kwa sauti moja: ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Ni malengo ya katalogi, kama Charles Cutter alivyoyaeleza mwaka 1876.

Hawa si watu wa kuanzishwa kutoka sifuri. Nadhani mafunzo mengi yanawachosha kwa sababu yanawachukulia kama wasiojua kompyuta, wakati wao ni mafundi wa kupanga taarifa ili mgeni azipate. Wanachokosa ni upande mmoja tu wa ufundi huo.

## Bango lilivyotutesa

Upande huo mgumu si msimbo, na wala si Kiingereza cha tagi. Ni mazoea ya karatasi.

Chukua bango la tamasha la usomaji. Limetengenezwa kwa upendo: rangi tatu, picha ya mtoto na kitabu, tarehe, saa, namba ya simu. Linachapishwa na kubandikwa mlangoni, na pale linafanya kazi yake barabara. Kisha linahifadhiwa kama picha na kupandishwa kwenye tovuti. Kwenye kompyuta ya ofisini linasomeka, kwa hiyo kila mtu anaridhika.

Huwa nawaambia walifungue kwenye simu zao na wanitajie saa ya kuanza.

Hapo kunakuwa kimya. Skrini ya simu nyingi ina upana wa pikseli 360 hivi, na bango limesinyaa likaingia humo. Mtu anavuta kwa vidole viwili, anasogeza kushoto, anasogeza kulia, anaipoteza tarehe akiwa anatafuta saa. Namba ya simu imo, lakini ukiigusa haipigi; inabidi uikariri au utafute kalamu. Injini ya kutafutia haina uhakika wa kuiona tarehe, maana kwake hiyo ni picha. Na asiyeona, anayetumia kisoma skrini, programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, anasikia neno "picha", au jina la faili lenye herufi na tarakimu zisizo na maana, basi. Tamasha limempita.

Kisha tunaliandika upya kama maandishi. Kichwa, tarehe, saa, mahali, namba yenye kiungo cha kupigia. Picha ya mtoto inabaki, safari hii ikiwa na maelezo yake kwenye alt, maandishi ambayo kisoma skrini huyasoma badala ya picha. Tunaongeza mstari wa viewport kwenye head, unaoiambia simu itumie upana wake halisi, kwa sababu bila huo simu nyingi hujifanya ni skrini pana, huuchora ukurasa kwa upana wa pikseli 980 hivi, kisha huubana wote hadi usomwe kwa kukodoa macho.

"Lakini lile la kwanza lilikuwa zuri zaidi," mtu husema, karibu kila darasa.

Anasema kweli, na sitaki hata mara moja kuudharau uzuri huo. Bango libaki mlangoni. Karatasi inajua ukubwa wake. Ukurasa wa wavuti haujui utafunguliwa kwenye simu ndogo, kwenye skrini ya ukutani, au usomwe kwa sauti bila skrini kabisa. Ethan Marcotte alipoandika mwaka 2010 kuhusu ubunifu wa kurasa zinazojirekebisha kulingana na skrini, alikuwa anawaomba wabunifu waache kushikilia vipimo visivyobadilika. Kwa mkutubi ombi hilo ni zito kuliko kwa wengine. Maisha yake yote amejifunza kwamba kitu kikiwa mahali pake hakihami. Sasa namwambia apange vitu ambavyo vitahama kila vinapofunguliwa, na mpangilio wake usipotee.

Wengine wanaudhika. Nawaelewa. Huwa siwaharakishi hapo, hata ratiba ikichelewa.

Menyu nayo ina ugumu wake, ingawa ni mwepesi zaidi. Tovuti nyingi za maktaba zimepangwa kwa idara: Mzunguko, Rejea, Huduma za Kiufundi. Msomaji hajui idara hizo. Anataka kuazima, kurudisha, kuongeza muda. Dawa yake ni kuandika jina la kila ukurasa kwenye kadi na kuwapa wasomaji wazipange wenyewe kwa mafungu, mkutubi akiwa pembeni amefunga mdomo. Kufunga mdomo ndiko kunakowashinda, maana kupanga kadi ni kazi waliyoizoea.

## Tulidhani ni macho yao

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nione kwamba swali la ruhusa lina uzito kuliko nilivyodhani.

Msaidizi mmoja wa maktaba, binti mdogo kuliko wote darasani, alichagua kuupima ukurasa wa maktaba yao. Maandishi yalikuwa ya kijivu chepesi juu ya weupe, mtindo unaopendwa sana na wabunifu. Rangi yenyewe, kwa msimbo wake, ilikuwa #999999. Tukaingiza kwenye kipimo cha utofauti wa rangi, ikatoa 2.85 kwa 1. Mwongozo wa WCAG 2.0, wa kufanya kurasa zifikike na watu wenye ulemavu, uliotolewa na W3C Desemba 2008, unataka maandishi ya kawaida yafikie angalau 4.5 kwa 1. Akaanza kuiongezea giza kidogo kidogo. Alipofika #767676 kipimo kikasema 4.54. Imepita.

Alitazama rangi mbili zile zikiwa sambamba. Kwa macho yake ya ujana tofauti ilikuwa ndogo.

"Wazee wanaokuja kusoma magazeti wametuambia mara nyingi hawaisomi tovuti yetu," alisema. "Tulidhani ni macho yao."

Tukaendelea. Tukaona kwamba kiolezo cha tovuti kilikuja na lang="en", yaani lugha ni Kiingereza, kwenye mstari wa juu, na hakuna aliyekigusa tangu kiwekwe. Kisoma skrini hutumia taarifa hiyo kuchagua sauti ya kusomea. Maana yake maandishi yote ya Kiswahili ya maktaba ile yalikuwa yanaweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, neno baada ya neno, mbele ya mtu ambaye hana njia nyingine ya kuyapata. Kurekebisha ni kufuta herufi mbili na kuandika mbili nyingine, sw. Viungo tisa kwenye ukurasa uleule vilisema "bofya hapa". Anayesikiliza orodha ya viungo peke yake, kama wasioona wengi wafanyavyo ili kuokoa muda, anasikia bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa, na hajui kipi kinampeleka wapi.

Mwaka 1931 S. R. Ranganathan aliandika kanuni tano za kazi ya maktaba, na ya nne inasema okoa muda wa msomaji. Wakutubi wanaijua kwa moyo. Hapa palikuwa na muda wa msomaji unapotea hadharani, kila siku, na binti huyu sasa alikuwa anajua unapotelea wapi na unarekebishwaje.

Aliondoka darasani na karatasi yenye marekebisho. Yote kwa pamoja yasingezidi saa moja ya kazi. Nilipomtafuta baadaye, aliniambia ameyawasilisha, na amejibiwa kwamba tovuti itafanyiwa mapitio bajeti mpya ikipita.

Hapo ndipo niliposhindwa kulala vizuri.

Kwa miaka mingi malalamiko ya wazee yalifika kaunta yakaishia pale, kwa sababu aliyeyasikia hakuwa na namna ya kuyafikisha. Mafunzo yalimpa namna hiyo. Aliweza kusema "2.85" mahali ambapo zamani angesema "wanalalamika". Na bado mlango ulikuwa umefungwa. Pengine maumivu ya anayejua tatizo na dawa yake, na amezuiwa kuigusa, ni makubwa kuliko ya asiyejua. Nimejiuliza kwa dhati kama ni haki kumfundisha mtu ili akaumie hivyo.

## Wenye funguo nao wana hoja

Nimewaendea watu wa tehama, si kugombana bali kuwasikiliza.

Wanasema neno moja la siri likitumiwa na watu kumi, siku ya tatizo hujui nani kafanya nini. Wanasema mtu akiongeza kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, asichokijua kwenye mfumo, kisha kisisasishwe, huo ni mlango wa wadukuzi. Wanasema kila mtu akiandika apendavyo, baada ya mwaka tovuti ina aina sita za herufi na kurasa tatu zinazotaja saa tofauti za kufungua. Na likitokea la kutokea, ni wao wanaoamshwa usiku.

Yote hayo ni kweli. Ningekuwa mahali pao ningeogopa pia.

Lakini ruhusa haiji nzima nzima. Mifumo ya kuendeshea tovuti imelijua hilo siku nyingi. WordPress, kwa mfano, ina ngazi za watumiaji: yupo anayeandika rasimu bila uwezo wa kuchapisha, yupo anayechapisha za kwake tu, yupo mhariri wa kurasa zote, na msimamizi ambaye peke yake anagusa viendelezi na mipangilio. Kila mtu anaingia kwa akaunti yake na neno lake la siri, na mabadiliko yanahifadhiwa kwa namna inayoruhusu kurudi kwenye nakala ya jana. Hofu ya "watatuharibia" ina jibu ndani ya programu ambayo tayari wameiweka. Hakuna aliyekaa chini na maktaba kulitumia.

Tena tovuti yenye kurasa tatu za saa tofauti haikuharibiwa na watu wengi kuandika. Imeharibika kwa sababu hakuna ukurasa wenye mwenyewe. Maktaba haiachi rafu bila mtu wa kuipanga na kuondoa vilivyochakaa. Ukurasa nao unahitaji jina la anayeutunza na tarehe utakapopitiwa tena.

Kuna hoja moja inayonielemea zaidi ya zile za tehama, na haisemwi mara nyingi. Mhudumu wa kaunta tayari ana kazi ya mtu mmoja na nusu. Nikimpa ukurasa wa kutunza, na ofisi isimpunguzie chochote, nimemwongezea mzigo kwa jina zuri la kujengewa uwezo. Nimeona ikitokea. Mtu hodari anajifunza, anapewa kurasa, kisha anazifanya usiku kwa simu yake mwenyewe kwa kuwa mchana foleni haimruhusu. Sitaki kushiriki katika hilo. Kama kazi ya ukurasa ni kazi ya maktaba, basi iwe na saa zake katika ratiba na iandikwe kwenye majukumu ya ajira.

## Na mashine inayoandika yenyewe?

Nimeulizwa sana siku hizi kwa nini nihangaike, ilhali programu za akili bandia zinatoa ukurasa mzima kwa sentensi moja. Nimezijaribu. Zinafanya kazi nzuri, na wanafunzi wangu nawaruhusu kuzitumia baada ya kuandika ukurasa wao wa kwanza kwa mkono.

Baada, si kabla. Programu haikuwapo kaunta wiki iliyopita. Haijui kwamba wasomaji wanachanganya chumba cha magazeti na cha rejea, wala kwamba swali linaloulizwa zaidi ni jinsi ya kuongeza muda wa kitabu. Ikitoa ukurasa wenye alt tupu au vichwa vilivyorukwa kutoka h1 hadi h4, asiyesoma HTML atauona umenyooka, kwa sababu kwenye skrini umenyooka kweli. Anayeisoma ataona na kurekebisha. Kadiri kuandika kunavyokuwa rahisi, ndivyo macho ya kukagua yanavyohitajika zaidi, na macho hayo nayataka kwa mtu anayewajua wasomaji kwa sura.

## Kabla ya darasa lijalo

Nimebadilisha barua ninayoituma kwa maktaba zinazoniomba mafunzo. Zamani niliuliza idadi ya kompyuta na kasi ya intaneti. Sasa naanza kwa kuuliza ni kurasa zipi zitakuwa chini ya watakaofundishwa, nani atawafungulia akaunti na kwa ngazi ipi, na wiki ina saa ngapi zitakazotengwa kwa kazi hiyo. Naomba majibu yaje na saini ya mkuu wa maktaba na ya mkuu wa tehama, zote mbili.

Baadhi hawajajibu tena. Inaniuma, hasa kwa zile maktaba ndogo ambazo hazina mtu wa tehama kabisa, na mkuu wa maktaba hajui hata tovuti yao imehifadhiwa wapi. Kwa hizo nimeanza kwingine. Tunakaa siku nzima kutafuta nani analipia kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, seva iko wapi na neno la siri liko kwa nani, kabla mtu yeyote hajaandika tagi. Si somo la kuvutia, lakini bila hilo mengine yote hayana pa kukaa.

Taasisi moja iliniandikia kwamba akaunti haziwezekani kwa sasa, ila mafunzo wanayataka sana. Niliikalia barua ile muda mrefu. Moyo mmoja ulisema nenda, maarifa hayaozi. Mwingine ukanikumbusha yule binti na karatasi yake ya marekebisho. Nikawajibu kwamba nitakuja iwapo mtu wao wa tehama atakaa darasani kama mwanafunzi, tangu saa ya kwanza, aandike h1 yake na kupima rangi zake pamoja na watu wa kaunta.

Wamekubali. Naye mwenyewe alinipigia simu, akasema amesoma masharti yangu na anaona rasimu inatosha kwa miezi ya mwanzo: wakutubi waandike, yeye achapishe ndani ya siku moja ya kazi, na wakizoea awapandishe ngazi. Aliniuliza kama ninaweza kumfundisha pia MARC kidogo, maana miaka yote amekuwa akiitunza seva ya katalogi bila kujua namba zile zinasema nini. Nimemwomba mzee wa 245 aje atufundishe sote asubuhi ya pili. Akaunti zinafunguliwa asubuhi ya kwanza.